Vibao Vinne Kushoto

Nilikuwa na miaka tisa nilipomkosesha baba yangu mdogo onyesho lake kubwa la mwisho, na nilifanya hivyo kwa kumsifia mbele ya mgeni. Hakuna aliyenituma, na hakuna aliyenichapa baadaye. Ilichukua chini ya robo saa, baada ya chakula cha mchana cha Jumapili, sebuleni kwetu Ushirombo, na muda wote huo nilikuwa nimesimama nikitabasamu, daftari mkononi, nikingoja kuambiwa nimefanya vizuri.

Nimeirudia siku hiyo kwa sababu ya harufu. Wiki iliyopita mwanangu alibanwa na kifua, jirani akaniletea matawi ya mkaratusi nimfukize. Nilipofunua sufuria na mvuke ukanipiga usoni, sikumwona mtoto wangu. Nilimwona mwanamume wa makamo amekaa kwenye kigoda, blanketi la kijivu limemfunika kuanzia kichwani hadi magotini, na ndani ya blanketi hilo sauti ndogo, nyembamba, ikipanda na kushuka taratibu. Nilimwachia mume wangu mtoto, nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi mpaka nilipoweza kurudi ndani.

Baba Mdogo Shija alizaliwa akiwafuata mapacha, ndiyo maana ya jina lake kwetu Wasukuma. Pacha mmoja alikuwa Kulwa, baba yangu. Mwingine, Doto, alifariki wakiwa wadogo. Shija alisoma kwa mapadre, na huko ndiko ilikogundulika kwamba kijana huyu wa wafugaji alikuwa na sauti ya tatu isiyo ya kawaida, ile ambayo kwenye karatasi za muziki huandikwa tenori. Wakamsomesha, wakampeleka Ulaya, akakaa huko zaidi ya miaka ishirini akiimba kwenye kumbi ambazo sisi tulizijua kwa picha tu: watu wamekaa kwa mistari, wamevaa nguo nyeusi, hakuna anayecheka. Nilipoonyeshwa picha zile kwa mara ya kwanza nilimuuliza mama ni nani aliyefariki.

Kisha akarudi. Alikuja na masanduku mawili, koti jeusi refu nyuma kuliko mbele, na kile chuma kidogo chenye meno mawili ambacho ukikigonga kinatoa sauti moja isiyobadilika. Watu wa mtaani walisema amestaafu. Baba alisema amechoka baridi. Yeye mwenyewe alisema amekuja kuwaimbia watu wa kwao, na kwa kweli ndivyo alivyofanya: kila baada ya wiki chache aliitwa parokia fulani, Masumbwe, Runzewe, Segese, akavaa koti lake na kuimba saa nzima mbele ya watu ambao wengi wao hawakuwahi kumsikia mtu akiimba peke yake bila kipaza sauti na bila wao kuitikia.

Alikaa chumba cha uani. Asubuhi hakuzungumza na mtu mpaka saa nne. Alikunywa maji ya vuguvugu tu, hakula pilipili, na vumbi lilipoanza kutimka kiangazi alijifunga kitambaa puani kama mwanamke anayepepeta. Baba alimtania sana kwa hilo.

"Huyu mdogo wangu," alikuwa akisema, "anaogopa vumbi kuliko mimi ninavyoogopa jiwe."

"Jiwe likikuangukia linakuua mara moja," Baba Mdogo alimjibu siku moja. "Vumbi linaniua kidogo kidogo, na mimi nipo ninasikiliza."

Baba alicheka. Mimi pia nilicheka, kwa kuwa baba alicheka.

Hapa lazima nieleze kazi ya baba, kwa maana kosa langu lilizaliwa humo. Baba alikuwa mpiga matimba kwenye machimbo madogo upande wa Segese. Mpiga matimba ndiye anayepanga magogo ndani ya duara, yaani lile shimo la wachimbaji, ili kuta zisiwaangukie walio chini. Alirudi nyumbani Jumamosi, nguo zimeganda udongo, na kabla hajanawa aliniita.

"Kabula, andika."

"Futi ngapi, baba?"

"Nne na nusu."

Nilikuwa na daftari maalum la kazi hiyo, nililolifunika kwa karatasi ya kalenda. Kushoto niliandika siku, kulia niliandika wameshuka kiasi gani wiki hiyo, na chini ya mstari nilijumlisha. Baba hakuwa mtu wa kalamu, na nadhani alipenda kuiona kazi yake ikikua kwenye karatasi, maana duara lenyewe ukilitazama kutoka juu ni giza tu. Futi zikiwa nyingi, mama alichinja kuku na baba aliongea chakula chote. Zikiwa chache, kwa sababu ya maji au mwamba mgumu, tulikula bila maneno. Wiki moja aliposema sifuri, mama aliondoka mezani akaenda kukaa kwenye cherehani yake, akashona hadi tukalala. Kwa hiyo hakuna aliyehitaji kunifundisha. Kwenda chini ndiyo maendeleo. Mali iko chini, na anayefika chini zaidi ndiye anayestahili kupongezwa. Ungemuuliza mtoto yeyote wa darasa letu dhahabu iko wapi, angekuonyesha miguu yake.

Sasa kinanda. Paroko alimwazima Baba Mdogo kinanda cha zamani cha misheni, kile cha kukanyaga kwa miguu ili kipumue. Kiliwekwa sebuleni, chini ya picha ya Moyo Mtakatifu, na kikachukua nafasi ya kabati la vyombo, jambo ambalo mama hakulisahau. Kibao kimoja cheupe katikati kilikuwa kimebanduka gamba lake, kimebaki mti mtupu wa rangi ya chai. Nakitaja kibao hicho kwa sababu ndicho nilichokitumia kupima.

Baba Mdogo alikuwa na wimbo mmoja aliouimba kila siku bila kukosa, sehemu ya mwimbaji mmoja ndani ya misa ndefu ya Kilatini. Alikuwa ameuimba Ulaya mara nyingi, mbele ya orkestra. Kabla ya kuanza alibonyeza sauti ya mwanzo kwenye kinanda, akaisikiliza mpaka ikazimika, kisha akaingia. Alipokuja mara ya kwanza, kidole chake kilianguka kwenye kile kibao kilichobanduka. Nilikiona kila jioni nikirudi shule. Nililala nikikijua kidole kile, jinsi kilivyotulia pale juu ya mti mtupu, kucha imekatwa vizuri.

Baada ya Kwaresma kidole kilianguka pembeni, kwenye kibao cheusi cha kushoto yake. Niliona mara moja. Wiki zikapita, kikasogea tena kushoto. Nilifungua ukurasa wa nyuma wa daftari la baba, nikaandika juu "Baba Mdogo", nikapiga mstari, nikaanza kurekodi.

Siku moja nilimuuliza. Alikuwa ametoka kujifukiza, shingo inang'aa maji.

"Baba Mdogo, mbona ule wimbo umehama?"

"Umehama umeenda wapi?"

"Umesogea kushoto. Zamani ulianzia pale palipobanduka."

Alinitazama. Kisha akachukua taulo akajifuta masikio, moja baada ya lingine, polepole.

"Una macho wewe," alisema. "Na bado wimbo ni uleule, au siyo?"

"Ni uleule."

"Basi."

Hakuniambia nisiseme. Nimelifikiria hilo miaka mingi. Mtu mzima mwingine angeniambia kwamba hayo ni ya mimi na yeye, na ningekaa kimya kama kaburi, kwa maana nilikuwa mtoto wa kutunza siri nikiombwa. Yeye hakuniomba. Labda aliona haya kumwomba mtoto. Labda aliamini kwamba ninachokiona sikielewi, na kwa hiyo hakiwezi kumdhuru.

Maonyesho yaliendelea. Parokia alikoitwa hawakuwa na kinanda cha kukanyaga. Walikuwa na vile vya umeme vya kwaya, na vile vina kitufe cha kuteremsha au kupandisha wimbo bila mpigaji kubadilisha vidole. Baba Mdogo alifika mapema kuliko wote, akaenda kwenye kinanda peke yake, akabonyeza kitufe hicho mwenyewe. Mwalimu wa kwaya alipiga kama alivyozoea na hakujua kitu.

Nakumbuka zaidi onyesho la Masumbwe. Kanisa lilijaa mpaka madirishani. Alipofika katikati ya wimbo ule mrefu, mama mmoja wa makamo aliinuka kwenye benchi, akatembea hadi mbele bila haraka, akavua kitenge alichojitanda, akamfunga Baba Mdogo mabegani juu ya koti lake jeusi. Kwetu mwimbaji akikugusa unamtuza palepale, humngoji amalize. Wanawake wengine wakapiga vigelegele, na mzee mmoja akaja akamshika mkono wa kushoto akautikisa. Baba Mdogo hakusimama. Aliendelea kuimba, macho ameyafumba, kitenge kimemning'inia, mkono wake umeshikwa na mtu asiyemjua. Kule alikotoka, mtu akikohoa tu watu wanageuka kumtazama. Njiani kurudi alikunja kitenge kile mara nne, akakiweka mapajani, akasema jambo moja tu.

"Kule walinipigia makofi sana. Lakini hakuna aliyewahi kunishika."

Siku hiyo Masumbwe, benchi la tatu, alikaa padre mgeni kutoka Mwanza. Nitamwita Padre Methodi. Alikuwa mfundishaji wa muziki, mtu mrefu aliyesikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja. Baada ya onyesho alizungumza na Baba Mdogo nje, chini ya ukuta wa kanisa, na tulipofika nyumbani habari ilitoka kidogo kidogo. Kundi la vijana wapiga violini kutoka ng'ambo lilikuwa linakuja Mwanza. Padre alitaka kuimba nao ile misa yote, kwaya, orkestra na waimbaji wanne wa kusimama mbele. Alihitaji mtu wa sauti ya tatu. Alimtaka Shija.

Sijawahi kumwona mtu akibadilika vile. Alianza kula mezani pamoja nasi asubuhi. Alipeleka koti kwa mama likazwe kiunoni, akasimama wima kama mtoto wa komunyo huku mama akimchoma na pini kwa bahati mbaya na kumwomba radhi. Nilimsikia akimwambia mama, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba alidhani hatasimama tena mbele ya orkestra maishani, na kwamba akisimama hii mara moja, nyumbani, lugha ya watu wake ikisikika kwenye viti, hatadai kingine.

"Utasimama," mama alisema, pini mdomoni. "Geuka."

Alizidisha kujifukiza. Asubuhi, mchana, jioni. Nyumba nzima ilinuka mkaratusi. Na kidole kikahama tena. Niliandika: tatu.

Padre Methodi alikuja Jumapili, ameleta karatasi za muziki na kupanga siku za mazoezi. Mama alipika wali na kuku wa kienyeji. Baba alikuwepo, na alikuwa na furaha, kwa maana wiki hiyo jiwe lilikuwa limeanza kubadilika rangi, dalili kwamba dhahabu iko karibu.

"Shikamoo Padre," nilisema, nikapiga goti.

"Marahaba. Wewe ndiye Kabula? Baba yako mdogo ananiambia una masikio."

"Ana macho," alisema Baba Mdogo.

Walikula. Baba alieleza habari za duara, jinsi walivyofika futi mia na kumi, jinsi hewa inavyokuwa nzito, jinsi unavyosikia mwamba ukiguna kabla haujaachia.

"Futi mia na kumi," Padre alisema. "Hongereni sana. Hiyo si kazi ndogo."

"Kabula anazo zote kwenye daftari. Kabula, lete Padre aone kazi ya wanaume."

"Baba Kabula, mwache mgeni ale," mama alisema.

Nililileta. Padre alifuta vidole, akapindua kurasa kwa heshima, akatikisa kichwa kwa mshangao wa kweli. Baba aliegemea kiti chake, mikono kifuani. Baba Mdogo alikuwa anatenganisha mifupa pembeni ya sahani yake, na mimi nilimwonea huruma. Niliona mgeni ni wake, lakini sifa zote zinaenda kwa baba. Niliona haki haijatendeka.

"Na Baba Mdogo naye yumo," nilisema. "Angalia ukurasa wa nyuma, Padre. Naye ameshuka. Ameshuka vibao vitatu tangu Kwaresma."

Baba alicheka. "Kumbe na yeye anachimba."

Padre aligeuza daftari. Alisoma ukurasa ule muda mrefu kuliko alivyosoma zile za baba. Niliandika vizuri, siku kushoto, kibao kulia, na pembeni nilichora kinanda kidogo chenye kibao kilichobanduka nimekitia rangi ya kahawia. Alipomaliza alifunga daftari, akaliweka mezani, akalinyoosha liende sambamba na ukingo wa meza. Nilidhani ni mshangao.

"Mzee Shija," alisema baadaye, kwa upole. "Tujaribu palepale palipoandikwa kwenye nota? Mara moja tu. Mimi nitapiga."

"Tujaribu," alisema Baba Mdogo.

Aliinuka, akanawa mikono, akanywa maji, akasimama pembeni ya kinanda. Padre alikaa, akakanyaga mpaka kikajaa pumzi. Alipoweka kidole, hakukiweka kwenye mti mtupu. Alikiweka kulia yake, hatua moja zaidi. Nilishangaa, nikataka kumwambia amekosea, lakini mama alikuwa amenishika bega.

Baba Mdogo aliingia. Mwanzo ulikuwa mzuri, na mimi niliyemsikia kila siku niliona tu kwamba uso wake ulikuwa umekaza na mishipa ya shingo imesimama. Wimbo ulipanda. Kuna mahali ambapo sauti huenda juu na kukaa huko, mahali ambapo Masumbwe yule mama aliinuka. Alipofika hapo, Baba Mdogo alifunga mdomo. Hakukohoa wala hakukwama. Alifunga mdomo tu, akanyoosha mgongo, akatazama mbele, akakiacha kinanda kipite pale peke yake, kipimo kwa kipimo, naye akihesabu kwa kidole kwenye paja. Kisha sehemu ile ilipokwisha akaingia tena upande wa pili, katika sauti yake nzuri ya chini, akaendelea mpaka mwisho.

Baba alipiga makofi. Alikuwa peke yake.

Padre alifunika kinanda. "Karatasi za wale vijana zimeshachapwa kwa ufunguo huu," alisema bila kugeuka. "Na wanatoka mbali."

"Najua, Padre."

"Siwezi kuwaambia..."

"Najua. Hujanikosea."

Mama aliniambia nitoe vyombo. Nilipokuwa nasuuza sahani uani, Padre aliondoka. Alinipungia mkono kwa mbali, nami nikampungia kwa mkono wenye povu.

Baba Mdogo alinikuta hapohapo. Alikuwa na daftari na kalamu. Alichuchumaa karibu yangu, akafungua ukurasa wake, akaulaza kwenye paja.

"Umeandika vizuri," alisema. "Ila hesabu yako ina kasoro. Si vitatu. Ni vinne."

"Mimi niliviona vitatu."

"Hukuviona vyote. Kibao cha kwanza niliteremka kulekule, kabla sijapanda ndege kurudi. Wewe ulinikuta tayari nimeanza."

Akaandika mwenyewe, juu ya mstari wangu wa kwanza, kwa mwandiko wake uliolala kulia: moja. Hakuweka siku. Akapuliza wino ukauke, akanirudishia, akaenda chumbani kwake. Mimi nilibaki na furaha kubwa. Nilidhani amefurahi kwamba jumla imeongezeka.

Misa ile iliimbwa Mwanza, na mtu mwingine alisimama mahali pake. Baba Mdogo hakwenda kusikiliza. Koti lilikaa kwa mama na pini zake kiunoni hadi mvua zilipoanza, ndipo mama akazitoa moja moja bila kuambiwa. Duara la baba nalo lilijaa maji kabla ya Krismasi, na wenzake wakahamia mahali pengine.

Hata hivyo, sitaki ionekane kwamba aliacha kuimba. Aliimba miaka mingine kumi na zaidi. Aliimba Segese kwenye mazishi ya wachimbaji, ambapo hapakuwa na kinanda chochote na alianzia popote koo lilipomruhusu. Aliimba kwenye mahafali, kwenye jubilei za masista, na mara moja kwenye uwanja wa mnada wa ng'ombe, ambako wauzaji walinyamaza na ng'ombe hawakunyamaza. Kila mwaka alianzia chini zaidi, na watu waliendelea kumtuza vitenge. Alikuwa na sanduku zima la vitenge. Mimi nilikuwa nimeshaacha kuandika.

Nilielewa nikiwa kidato cha pili. Nilikuwa kwaya ya shule, na mwalimu alisimamisha wimbo, akatazama safu ya wavulana. "Teremsheni ufunguo," alisema. "Sauti ya tatu hawafiki." Wasichana wenzangu wakacheka, wavulana wakalalamika, mpiga kinanda akabonyeza kitufe. Mimi nilikaa chini palepale. Mwalimu alidhani nimeishiwa nguvu kwa njaa, akanipa ruhusa nikanywe uji. Nilitembea hadi jikoni nikihesabu vibao kichwani, moja, mbili, tatu, nne, na kila kimoja kiligeuka upande wake wa kweli.

Likizo hiyo nilikwenda chumbani kwake kumwomba msamaha. Nilianza vibaya, nikalia kabla sijafika kwenye neno lenyewe. Aliniacha nilie.

"Gashi ulikuwa hujui," alisema. Kwetu neno hilo ni kumbe. "Miaka yote hii mimi nilidhani unajua na umenisamehe mimi."

"Nikusamehe nini?"

"Nilikuwa nakwenda kumdanganya Padre mbele ya watu wote wale. Ningefunga mdomo Mwanza badala ya sebuleni."

Sikujua kama anasema kweli au ananitua mzigo. Alikuwa mtu wa jukwaani, alijua kuupanga uso wake. Hatukulizungumza tena.

Alifariki mwaka juzi, nyumbani, kwa kifua kilekile alichokuwa akikifukiza. Mama alinikabidhi sanduku lake la karatasi kwa kuwa ndimi niliyesoma. Humo nilikuta nota za ile misa, si zile zilizochapwa. Ameziandika kwa mkono, kwa penseli, chombo kwa chombo: violini za kwanza, violini za pili, zile kubwa za sauti nzito. Zote zimeteremshwa vibao vinne. Ni kazi ya wiki nyingi, kwa mtu mwenye meza ndogo na taa ya sola. Zile za mwisho zinakatika katikati ya mstari, na baada ya hapo mistari mitano mitupu inaendelea hadi chini ya ukurasa.

Kama alizianza kabla ya Jumapili ile, basi hakukusudia kumdanganya mtu. Alikuwa anamwandalia Padre karatasi ili amwambie mwenyewe, kwa wakati wake, na mimi ndiye niliyemwahi. Kama alizianza baadaye, basi Padre alimwachia nafasi, labda alimwandikia, na yeye akaishia njiani. Lipo na jambo jingine. Mtu mwenye sikio kama la Padre Methodi, benchi la tatu, Masumbwe: je, kweli hakusikia kwamba wimbo uko chini ya mahali pake? Kama alisikia na bado akamwita, basi daftari langu halikumfunulia chochote, ila lilimlazimisha aseme mbele ya watu kile ambacho wawili hao wangekisema faraghani.

Nilimtafuta. Yupo hai, anakaa katika nyumba ya mapadre wazee. Nilikwenda baada ya Pasaka nikiwa na karatasi ndani ya bahasha ya kaki. Sista aliyenipokea aliniambia nisitegemee mengi, siku hizi hamkumbuki hata askofu wake. Nilimkuta kwenye kiti cha mkono, kichwa ameinamisha upande mmoja. Nilimwamkia, nikataja Ushirombo, nikataja Shija, nikataja kinanda cha kukanyaga. Alinisikiliza kwa adabu ya mtu anayesikiliza habari za ukoo mwingine.

Nikampa karatasi. Alivaa miwani. Alizisoma moja moja, bila haraka, na kidole chake kikawa kinagonga mkono wa kiti kwa kipimo kilichonyooka kabisa. Alipofika kwenye ule mstari uliokatika, kidole kiliendelea kugonga kwa muda, kisha kikasimama.

"Ameandika vizuri huyu," alisema. "Nani ataimba?"

Nilimwambia mwimbaji ni Shija.

"Mwambie aje mapema," alisema Padre, akinirudishia bahasha. "Kabla wengine hawajafika."